Biskuti za lavenda zina ladha ya sabuni, za waridi hazinukii kabisa. Nakosea wapi?

#1 Trei ya Pili
Wakuu, habari za saa hizi.

Ndani ya wiki mbili nimeoka biskuti za maua mara nne, mbili za lavenda na mbili za waridi. Za lavenda kwa macho ni nzuri mno, kingo zimekolea kahawia, ukivunja zinalia. Tia mdomoni sasa: sabuni. Wala si kwa mbali, ni kama umelamba kile kipande chembamba kinachobaki kwenye kisahani cha bafuni. Dada yangu alitemea kiganjani mbele yangu. Za waridi ni kinyume chake. Donge likiwa bichi jiko zima lilinukia, kutoka kwenye oveni nikapata biskuti za siagi tu.

Vipimo: unga wa ngano gramu 250, siagi 150, sukari 100, yai moja. Lavenda kavu vijiko viwili vya chakula, nimeisaga pamoja na sukari. Kwenye waridi niliweka maji ya waridi kijiko kimoja cha chakula na petali kavu konzi moja. Oveni nyuzi 180, dakika 12.

Oveni ni ileile na siagi ni ileile. Inakuwaje ua moja lizidi na lingine lipotee?

#2 Siagi Laini
Vijiko viwili vya CHAKULA? Na umesaga? Mkuu, hapo hujatia ladha, umemwaga bustani. Kwa unga gramu 250 lavenda kavu ni kijiko kimoja cha chai, tena usikijaze. Kijiko cha chakula ni sawa na vitatu vya chai, kwa hiyo umeweka mara sita. Kesi imeisha.

#3 Bustani Ndogo
Haijaisha. Muulize kwanza ni lavenda gani.

Napanda lavenda, na si zote za kula. Ya jikoni ni Lavandula angustifolia. Ipo nyingine, lavandini, ambayo ni chotara. Inakua kubwa, inatoa mafuta mengi, na ndiyo inayotumika sana kwenye sabuni na vifuko vya kunukiza kabati. Lavandini ina kafuri nyingi kuliko angustifolia. Ikauke iwekwe kwenye pakiti, kwa macho huzijui. Sugua vitumba viwili vya ua kati ya vidole, subiri kidogo, nusa. Ukipata ubaridi unaopanda puani kama dawa ya kifua, hiyo ni kafuri, usiioke.

#4 Kijiko Kidogo
Mimi nadhani ni mwilini tu. Kuna watu wana jeni inayofanya vitu viwe na ladha ya sabuni, nilisoma kuhusu majani ya giligilani. Labda mleta mada na dada yake wamerithi.

#5 Mkemia wa Jikoni
Kijiko Kidogo, jeni hiyo ipo kweli, inaitwa OR6A2, ila umeihamisha kiwanja. Inahusu kunusa aldehaidi, kundi fulani la kemikali zenye harufu, na majani ya giligilani yamejaa aldehaidi. Harufu kubwa ya lavenda ni linaluli na ndugu yake linalili asetati, hizo si aldehaidi.

Tena angalia jambo hili. MBEGU za giligilani zimejaa linaluli, na sijasikia mtu akisema mbegu zile zina ladha ya sabuni. Kama linaluli peke yake ndiyo shida, mbona mbegu hazisumbui?

Ninavyoona mimi ni kumbukumbu. Linaluli imewekwa kwenye sabuni, shampuu na dawa za kufulia kwa miaka mingi. Pua ikiikuta pamoja na kafuri na ule ubaridi wa maua, inaenda moja kwa moja bafuni. Ulimi hauna kosa, ni pua inayotafsiri.

#6 Mama Unga
Asante Mkemia, nimeelewa kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa akigoma kabisa biskuti za lavenda, anasema "naoga au nakula?" Nikaanza kuweka maganda ya limau yaliyokwaruzwa, lavenda nusu kijiko cha chai tu, na sikumwambia kitu. Alikula nne. Kiasi cha lavenda nilikipunguza, kweli, lakini naamini limau nalo lilimpa pua mahali pengine pa kwenda.

#7 Fundi Oveni
Trei ya Pili, kwenye vipimo vyako sijaona kiumulio. Hukuweka kitu?

#8 Trei ya Pili
Niliweka, samahani, nimesahau kuandika. Za lavenda niliweka beking soda kijiko kimoja cha chai. Za waridi soda ilikuwa imeisha, nikatumia beking pauda.

Lavenda nimechungulia pakiti sasa hivi, imeandikwa "lavenda" basi, aina haikutajwa.

#9 Fundi Oveni
Hapo hapo! Watu wanahangaika na maua wakati sabuni iko kwenye soda.

Beking soda ni alkali, inahitaji asidi ya kuituliza: maziwa mgando, limau, asali, sukari ya kahawia. Kwenye donge lako asidi iko wapi? Sukari nyeupe, siagi na yai haviwezi kuituliza soda ya kiasi hicho. Kwa unga gramu 250 nusu kijiko cha chai inatosha kabisa, wewe umeweka kizima. Isitoshe, soda isiyotulizwa ikipata joto hugeuka kuwa kaboneti ya sodiamu, na hiyo ni alkali kali kuliko soda yenyewe. Ladha ya soda iliyozidi watu wote wanaielezea kwa neno moja: sabuni. Oka na soda hiyo bila ua lolote, utapata sabuni vilevile.

#10 Mpishi wa Usiku
Na alkali ikikutana na siagi si ndiyo sabuni yenyewe inavyotengenezwa? Mafuta na magadi. Maana yake alioka sabuni halisi!

#11 Mkemia wa Jikoni
Hapana Mpishi, usimtishe mwenzio. Sabuni hutengenezwa kwa alkali kali kama haidroksidi ya sodiamu. Soda ya kuokea ni dhaifu mno kuigeuza siagi ndani ya dakika 12. Ladha anayoisema Fundi ni ya ile alkali yenyewe ulimini. Kwa hilo namuunga mkono, ingawa bado nasema pua ina sehemu yake.

#12 Siagi Laini
Kwa hiyo tuna vijiko viwili vya chakula, lavenda isiyojulikana aina, soda maradufu na kumbukumbu za bafuni. Mleta mada hakuacha mlango hata mmoja umefungwa 😄 Mimi nabaki na langu la kipimo.

#13 Ua la Saa Nne
Jamani mmeliacha waridi. Aliuliza mambo mawili.

Nimeoka na waridi miaka, na maji ya waridi ndani ya donge ni kazi bure. Harufu ya waridi sehemu kubwa iko kwenye kitu kinachokubali maji. Ndiyo maana maji ya waridi yanawezekana kabisa. Sasa biskuti ni nini? Ni donge tunalolikausha. Maji yanatoka kwa mvuke, na mvuke unaibeba harufu. Ule unukiaji unaosikia oveni ikifunguliwa ndiyo waridi lako linaondoka.

Dawa yake ni kuliweka baada ya moto. Biskuti zipoe kabisa, zisiwe na uvuguvugu. Chukua sukari ya unga gramu 100, maji ya waridi kijiko kimoja cha chai, na maji ya limau vijiko viwili au vitatu vya chai, kidogo kidogo, mpaka ujiuji udondoke kwenye kijiko kama utepe na utepe ule ubaki juu ya bakuli hesabu ya kumi kabla haujazama. Chovya uso wa biskuti, geuza, nyunyiza petali kavu zilizovunjwavunjwa kabla ganda halijakauka. Acha wazi saa nzima. Ukiuma, waridi linakufikia kabla ya siagi.

#14 Mama Unga
Ua la Saa Nne, hiyo ya utepe na hesabu ya kumi nimeiandika kwenye daftari. Zangu zilikuwa zinachuruzika mpaka mezani.

Niongeze kwenye petali: ile sehemu nyeupe chini, pale petali iliposhika kwenye ua, ikateni kwa mkasi. Ina uchungu. Nilikuwa naona waridi "lina uchungu" kumbe ni kile kitako tu.

#15 Bustani Ndogo
Sikubaliani sana na #13. Kama mvuke ndio mwizi, mbona lavenda haikuibiwa? Nayo ilipita oveni hiyohiyo dakika hizohizo. Na mafuta ya lavenda hukamuliwa kwa mvuke, yaani nayo mvuke unaibeba vizuri sana.

#16 Ua la Saa Nne
Kwa sababu lavenda inapenda mafuta. Imejificha kwenye siagi.

#17 Mkemia wa Jikoni
Nusu ya ukweli. Linaluli kweli hukaa vizuri kwenye mafuta, na siagi ina mafuta karibu asilimia 80. Lakini Bustani naye ameuliza vizuri. Labda jibu ni lile la Siagi Laini: mara sita ya kipimo. Ukiibiwa nusu ya mara sita bado una mara tatu. Waridi aliweka kidogo, likaibiwa, likaisha.

#18 Siagi Laini
Nilisema tangu #2.

#19 Mpishi wa Usiku
Ukitaka ua libaki, lipe siagi kabla. Mimi nayeyusha siagi moto mdogo kabisa, isichemke, natia lavenda nzima isiyosagwa kijiko kimoja cha chai, nafunika, nazima moto, dakika 20. Nachuja, naweka kwenye friji mpaka irudi laini kama ya kupaka, ndipo napiga na sukari. Hakuna vipande vya kutafuna, na uchungu unabaki kwenye chujio.

Kuwa mwangalifu na hatua ya friji. Siku moja nilikuwa na haraka nikatumia siagi ingali majimaji. Biskuti zote kumi na nane zilitambaa zikaungana trei nzima, ikawa mkeka mmoja. Nilikata kwa kisu cha piza.

#20 Kijiko Kidogo
Mimi nafanya ya sukari. Sukari kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na maua makavu, wiki moja au mbili, natikisa kila nikipita. Kisha nachekecha. Lavenda, waridi, kamomaili, zote zinakubali. Hii ya sukari haiharibu siagi wala haileti mkeka 😄

Ila nina swali langu. Nilisaga rosela nikatia kwenye donge nikitegemea biskuti nyekundu. Zikatoka kijivu cha kijani, kama ukuta wenye kuvu. Na hapo nani mwizi?

#21 Fundi Oveni
Uliweka soda?

#22 Kijiko Kidogo
Ndiyo.

#23 Fundi Oveni
😀 Wekeni madai yenu yote kwa huyu mwenzenu anaitwa soda. Rangi ya rosela ni anthosianini, inafuata asidi. Kwenye asidi ni nyekundu, alkali ikiingia inaelekea buluu na kijani. Ondoa soda. Tumia beking pauda kidogo au usiweke kiumulio kabisa, biskuti za mtindo wa sukari 100, siagi 200, unga 300 hazihitaji.

#24 Mama Unga
Hata bila soda rosela kwangu hufifia kwenye moto. Nyekundu ya kweli napata kwenye ganda la juu: narowesha rosela kwenye maji ya moto vijiko vitatu, nachuja, nachanganya na sukari ya unga. Inatoka rangi inayong'aa na uchachu mzuri. Lile ua la buluu linalowekwa kwenye chai, klitoria, nalo ni hivyo hivyo: buluu, ukidondoshea limau linageuka zambarau mbele ya macho yako. Wajukuu wanapigania kudondosha.

Mkitaka rangi isiyoogopa oveni tumieni kalendula. Njano yake ni ya karotenoidi, inakubali siagi na inavumilia moto. Ladha yake ni ndogo, msitegemee kitu.

#25 Njia ya Panya
Nimepita tu. Mimi siwezi kula ua, chakula ni chakula na ua ni la kwenye chupa mezani.

#26 Ua la Saa Nne
Karibu. Karafuu umewahi kula? Ni kitumba cha ua kilichochumwa kabla hakijafunguka. Zafarani nayo ni nyuzi tatu za katikati ya ua moja, na gramu moja iliyokauka inataka maua kama 150. Umekula maua maisha yako yote.

#27 Njia ya Panya
Kumbe. Karafuu sikujua. Basi nabaki kusoma.

Sasa nina shada la maua sebuleni nililopewa juzi, kuna mawaridi mazuri. Nikianza na hayo?

#28 Bustani Ndogo
HAPANA. Tafadhali usifanye hivyo. Maua ya shada hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu ambazo hazikukusudiwa kuliwa, na kuosha hakuziondoi zote. Ya kuoka ni yaliyooteshwa kwa ajili ya kula, au uliyootesha mwenyewe bila dawa.

Na kwa kuwa wageni wanasoma: si kila ua zuri linalika. Olianda ni sumu kila sehemu, datura pia. Asumini halisi, Jasminum sambac, hutumika kwenye chai, lakini kuna ua la njano linaloitwa asumini na si asumini, ni Gelsemium, na lina sumu kali. Majina ya mtaani yanadanganya. Kama huwezi kulitaja ua kwa jina lake la kisayansi usilitie kwenye donge. Nasema haya kwa moyo, nimeona mtu akipamba keki ya mtoto kwa olianda kwa sababu tu rangi ilifanana na kitambaa cha meza. Tuliiwahi kabla haijakatwa.

#29 Mkemia wa Jikoni
Naongeza kwa wenye mzio: kamomaili na kalendula ziko ukoo mmoja na alizeti na krisanthemamu. Mwenye mzio wa chavua za ukoo huo aachane nazo, au amuulize daktari kwanza.

#30 Njia ya Panya
Nimeelewa, asante. Shada linabaki sebuleni.

#31 Trei ya Pili
Wakuu nimerudi. Nimesoma yote nikaona nijaribu badala ya kubishana. Jana jioni nimegawa donge moja mafungu matatu, yote bila limau, lavenda ni ya pakiti ileile:

A: lavenda nzima kwa kiwango cha Siagi Laini, bila soda.
B: kiwango hichohicho, na soda kama nilivyoweka mwanzo.
C: kiwango changu cha vijiko viwili vya chakula, imesagwa, bila soda.

Nimeoka nyuzi 170, dakika 11. Walioonja ni mimi, dada na jirani, bila kuambiwa ipi ni ipi (mimi nilijua, basi msinihesabu).

Dada: B ni sabuni, C ni chungu "kama dawa" lakini si sabuni, A haina kitu.
Jirani: C ni sabuni, B ni sawa tu ila ina chumvi ya ajabu, A haina kitu.

#32 Fundi Oveni
Dada anajua kuonja. B ni sabuni. Soda.

#33 Siagi Laini
Jirani anajua kuonja. C ni sabuni. Kipimo.

#34 Mkemia wa Jikoni
Na wote wawili wanaita "sabuni" vitu viwili tofauti, mmoja ni wa ulimini na mwingine wa puani. Muulize dada afunge pua kwa vidole atafune B tena. Ladha ya alkali itabaki, ya lavenda itapotea.

#35 Bustani Ndogo
Na mimi je? Pakiti ni ileile kwenye mafungu yote, kwa hiyo kafuri yangu haijapimwa bado. Mpaka uoke na angustifolia ya uhakika sijashindwa. Ukiotesha yako, chuma vichwa vinapoanza kufungua maua ya kwanza, asubuhi umande ukishakauka.

#36 Mama Unga
Mwanangu, hizo A usizitupe. Ziweke kwenye kopo lililofungwa mpaka kesho. Biskuti za maua zikiliwa siku hiyohiyo hazisemi.

#37 Mpishi wa Usiku
Kweli Mama Unga? Mimi huwa naona harufu inapungua zikilala, haiongezeki.

#38 Mama Unga
Kwenye kopo la bati lililofungwa, siyo sahani iliyofunikwa kitambaa.

#39 Trei ya Pili
Mama Unga, nimefungua kopo asubuhi hii. A ambayo jana haikuwa na kitu, leo inanukia. Lavenda inakuja mwishoni kabisa, baada ya siagi, na haina sabuni hata chembe. Dada kala tatu bila kusema neno. Sijui kama ni kopo au ni sisi tuliolala tukaamka na pua mpya, maana B nayo dada anasema imepungua.

Pua nimemfunga (#34). Anasema sabuni ya B ilibaki nusu. NUSU. Sasa Mkemia na Fundi mtagawana.

Jioni naoka waridi kwa ganda la #13. Nimeshakata vitako vyeupe vya petali zote, vimejaa kisahani.

#40 Ua la Saa Nne
Zipoe kabisa kwanza. Shika moja nyuma ya mkono, usisikie joto. Ndipo uchovye.

#41 Kijiko Kidogo
Na kama ganda litabaki, nionjeshee na ya rosela ya Mama Unga upande wa pili wa biskuti. Nataka kujua kama waridi na uchachu vinaelewana.

#42 Trei ya Pili
Zimetoka, ziko juu ya waya. Bado vuguvugu nyuma ya mkono. Nasubiri.